Meli Niliyoisogeza

Kama wiki iliyopita gazeti lako lilifungiwa samaki kabla hujalisoma, nitakurudisha kwa maneno machache. Aibu yangu haihitaji mapambo.

Mimi ni Josina, binti wa Adriaen Cornelisz, mchoraji wa vita vya baharini hapa Vlissingen. Majeshi yetu yalipotoka kupigana na Waingereza, baba alitoka nayo katika mashua yake ndogo, hana bunduki wala upanga, ana karatasi na chaki tu. Kazi yake ilikuwa kuchora nani alikuwa wapi. Michoro ilirudi salama. Macho hayakurudi. Pipa la baruti lililipuka karibu na mashua, na tangu siku ile baba anaona mwanga na giza, basi.

Tulificha. Nani atampa kazi mchoraji kipofu? Baba akaanza kuchechemea mguu wake mzima, ili apate kisingizio cha kuegemea mtu njiani. Na wakuu wa mji walipoagiza picha kubwa ya vita ile kwa ajili ya ukumbi wao, nikaichora mimi, jina likawa lake.

Sasa dhambi yenyewe. Siku ya vita admirali wetu aliuawa, na meli moja tu ilikuwa ubavuni mwake ikipigana. Nahodha Gillis Bouwens alisema meli hiyo ilikuwa yake, Samsoni. Mchumba wangu Lieven Joossen, aliyeiongoza Mbayuwayu baada ya nahodha wake kupigwa, alisema ilikuwa yake. Mchoro wa baba ulionyesha Samsoni. Lakini Lieven alinililia magotini, akaapa kwamba moshi ulimdanganya baba. Nikamwamini. Nikaiweka Mbayuwayu mahali pa Samsoni, na Samsoni nikaisukuma nyuma kabisa, kama mtu anavyosogeza kiti apate kupita.

Baba aliponiuliza kila jioni nimefika wapi, nilimsomea yaliyo kwenye mchoro, si yaliyo kwenye turubai.

Wiki iliyopita, msomaji, mimi nawe tuliachana pale picha ilipofunuliwa ukumbini. Wazee wa baraza la vita waliitazama, wakasema ushahidi umepatikana. Mabaharia wa kila meli walikuwa wakimwapia nahodha wao, ila mchoraji hana meli, hana wa kumpendelea. Gillis Bouwens akakamatwa kwa kosa la kumkimbia adui, na adhabu ya kosa hilo ni kupigwa risasi juu ya sitaha ya meli yake mwenyewe.

Na huyo Gillis, kama umesahau, ndiye aliyeteremsha mashua katikati ya mizinga akaenda kumwopoa baba yangu majini.

*

Ilikuwa Jumatatu. Baba alikuwa kwa kinyozi, akiwaambia wote waliosubiri kunyolewa kwamba Gillis atatoka kabla wiki haijaisha. Picha yake ipo pale ukumbini, alisema, wazee wafumbue macho tu waitazame vizuri, wataona Samsoni ilikuwa wapi. Haya niliyapata kwa muuza siagi, naye alinipongeza kwa kuwa na baba mwenye imani kubwa. Nikamshukuru, nikafunga mlango, nikalia.

Sijamaliza hata kufuta machozi, Lieven akaingia na samaki aina ya mkunga aliyekaushwa kwa moshi, amemfunga kwenye kitambaa. Akaketi kwenye kiti cha baba bila kuambiwa. Siku zile hata ukaaji wake niliuona mzuri.

Aliisifu picha. Alisema mji mzima unaizungumza, kwamba wanawake wanapanga foleni kuitazama Mbayuwayu katikati ya moto, na mama yake amekwenda mara tatu. Nikamwambia kwamba mwenye mahali pale anangoja risasi. Akaanza kumchambua yule mkunga.

"Ila matanga umeyakosea," akasema.

"Yana nini?"

"Umeiweka meli yangu motoni, halafu matanga ya mbele umeyageuza, upepo unayapiga usoni. Meli ya hivyo imesimama, Josina. Wauza nafaka wa baraza hawawezi kujua, lakini baharia yeyote akiitazama ataona meli inayongoja wenzake wamalize. Nenda kayarekebishe kabla baraza halijakaa kuhukumu Alhamisi."

"Nimeyachora kama baba alivyoyachora."

"Najua. Ndivyo yalivyokuwa."

Alipolitoa neno hilo aliacha kutafuna. Nami nikabaki nimesimama na kitambaa cha machozi mkononi.

Mimi si baharia, lakini nimekulia kwa mchoraji wa meli. Najua kwamba matanga hayajigeuzi. Kuyageuza kunataka watu wengi kwenye kamba, na watu hao wanamsikiliza mtu mmoja. Nilikuwa nimelihamisha umbo la Mbayuwayu kutoka nyuma kwenda mbele, nikasahau kuubadilisha upepo wake. Nimelichora kosa langu mwenyewe mahali ambapo kila mtu angeweza kulisoma, na wa kwanza kulisoma alikuwa mwenye meli yenyewe.

"Nani aliamuru yageuzwe?" nikamuuliza.

"Nahodha alikuwa amelala chini, miguu yote miwili haipo."

"Sikukuuliza habari za nahodha."

Akaanza kulia, na safari hii nadhani machozi yalikuwa ya kweli. Alisema alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alisema aliona mlingoti wa admirali ukianguka na watu wakianguka nao, akafungua kinywa aseme twende, likatoka neno jingine. Alisema hakuna siku inayopita asilisikie neno hilo. Nilimwonea huruma, naungama. Mtu uliyempenda Jumapili huwezi kumchukia Jumatatu, ungali na harufu ya nguo zake.

Akaniomba ile michoro ya baba aitazame, apate kunionyesha matanga ya meli inayokwenda yanavyokaa. Mimi huyu, niliyekwisha kudanganywa mara moja, nikapanda ghorofani nikaileta. Nikamwekea mkononi.

Alifungua mlango wa jiko akaitia yote.

Nilipiga magoti nikaingiza mkono motoni. Nikatoka na pembe moja ya karatasi yenye kipande cha bahari tupu, na malengelenge. Lieven aliushika mkono wangu, akaupuliza, akanipaka siagi kwa upole uleule wa siku zote.

"Sasa imebaki picha yako tu," akasema. "Ukisema umedanganya, watakuuliza kwa nini ulighushi ushahidi wa vita kwa jina la baba yako. Wanawake wa namna hiyo wanapigwa viboko sokoni, halafu wanafungwa katika nyumba ya kusokota. Miaka kumi unasokota nyuzi, na Mzee Adriaen anapapasa kuta peke yake. Sikutishi, mpenzi. Nakukumbusha tu."

Kumbe kuna watu wanaoweza kukupaka dawa huku wakikuuma.

*

Jumanne nilifunga rangi na brashi kwenye kikapu, juu nikaweka mikate. Niliazimia kuirudisha Samsoni mahali pake hata kama rangi itakuwa mbichi na itachuruzika mbele ya baraza zima. Afadhali picha iharibike.

Nilimkuta mlinzi wa ukumbi, Joos, ameketi mlangoni kwenye pipa. Mlango umefungwa kwa utepe, na kwenye utepe kuna nta nyekundu yenye muhuri wa baraza. Nikamwambia baba amenituma nifute vumbi kwenye picha.

"Vumbi lenyewe lishakuwa ushahidi sasa," akasema Joos. "Hapa hata inzi akitaka kuingia sharti aje na barua."

Akala mikate yangu miwili, akanisimulia jinsi yeye mwenyewe alivyojua siku zote kwamba Gillis ni mwoga, kwani alimwona mara moja akimkimbia bata bukini. Wiki mbili kabla, Joos huyuhuyu alikuwa akimvulia Gillis kofia. Nilirudi nyumbani na kikapu changu. Nilitamani kumlaumu, nikakumbuka kwamba yeye aliisoma tu picha, mwandishi wake ni mimi.

*

Jumatano nilikwenda kwa Gillis, rafiki wa baba niliyemwita Ami tangu utotoni. Alikuwa amefungiwa nyumbani kwake, askari mlangoni. Aliyenifungulia ni dada yake, Shangazi Tannetje, mwanamke ambaye ulimi wake ulikuwa ukiogopwa kuliko mizinga ya Samsoni.

"Binti wa mchoraji," akasema. "Umekuja kumpima urefu umtengenezee na picha ya jeneza?"

Gillis alimwambia aniache. Alikuwa mezani anamenya viazi vyeupe vile vyenye umbo la karoti tunavyoviita parisnipi, polepole, ganda refu moja lisilokatika. Mtu mnene, mfupi, nywele zimekimbilia masikioni. Ukimtazama usingedhani amewahi kumwinulia mtu sauti.

Nilimwambia yote. Sikukaa, nilisimama kama mtoto anayeungama. Nilimwambia habari za Lieven, za matanga, za jiko. Shangazi Tannetje alikuwa amesimama nyuma yangu na sufuria, nikangoja anipige nayo. Hakunipiga, na ingekuwa heri angenipiga.

Gillis alimaliza kumenya kile alichoshika.

"Mimi umeniweka wapi?" akauliza.

"Nyuma, Ami. Pale bahari inapokutana na mbingu."

"Ukubwa gani?"

Nikamwonyesha ukucha wa kidole changu kidogo. Akautazama muda mrefu. Halafu akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha, akasema angalau nimempa bahari tulivu.

Nikamsihi awaambie baraza kwamba baba haoni. Neno moja tu, na picha nzima inaanguka. Mtu asiyeona hawezi kuwa ameichora, na picha isiyo ya shahidi si ushahidi. Ukimwondoa Lieven, Gillis alikuwa mtu pekee nje ya nyumba yetu aliyejua. Yeye ndiye aliyemvuta baba ndani ya mashua na kuyaona yale macho yakiwa bado yanafuka.

"Nilimwahidi," akasema. "Alinishika shati akaniambia, Gillis, usimwambie mtu. Nikamwambia simwambii. Mtu akikuomba hivyo akiwa vile, humrudii baadaye ukamwambia mambo yamebadilika. Na nikisema, wewe unakwenda kusokota nyuzi na yeye anakufa njaa. Hapana. Adriaen ataitwa kuapa kesho, na Adriaen ataapa kweli. Tumejuana tangu hatujaota ndevu. Hajui kusema uongo yule, hata kwenye karata anashindwa."

"Na asiposema kweli?"

Hapo ndipo aliponitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu niingie.

"Ingekuwa mimi peke yangu ningemeza, Josina. Nina miaka sitini, sina mke wala mtoto, ninaye huyu Tannetje tu, na yeye risasi zinamwogopa. Lakini siku ile nilizika watu thelathini na mmoja majini. Wake zao wanapita hapa wakienda kanisani. Nikiwa mwoga mimi, na wao walikufa wakikimbia. Watoto wao wataambiwa hivyo shuleni."

Akaokota kiazi kingine. Tannetje alinisindikiza mpaka mlangoni, sufuria bado mkononi.

*

Alhamisi asubuhi nilimvalisha baba koti lake jeusi na ukosi mweupe. Nilikuwa nimeazimia kumwambia kabla hatujatoka. Nikashindwa tukifunga vifungo, nikashindwa mlangoni, nikashindwa kwenye daraja. Tulipofika chini ya ngazi za ukumbi nikasema, "Baba, kuna jambo."

"Lieven alinijia jana," akasema. "Ulipokwenda kwa Gillis."

Baba alikuwa ameelekeza uso kule kunakotoka jua, ametulia kama mtu anayengoja kivuko.

"Amekwambia yote?"

"Amenambia ulichofanya. Na amenambia nikisema kweli watakufanya nini. Kijana anajua kueleza."

Nilisema nisamehe, baba. Nilisema mara nyingi, nadhani, maana mwanamke mmoja aliyepita na ndoo alisimama kututazama. Nikamuuliza atakwenda kuapa nini. Alisema nimshike kiwiko tupande.

Nikamshika. Tulikuwa na lugha yetu mimi na baba, ya mkono wangu kwenye kiwiko chake. Kubonyeza mara moja ni ngazi. Mara mbili ni mtu anakusalimia. Kuminya na kushikilia ni simama. Miezi minane tulipita nayo mitaani na hakuna aliyetugundua. Tukapanda ngazi kumi na nne, nami nikabonyeza mara kumi na nne.

Baraza walikuwa watu saba. Watatu wauza nafaka, wawili wauza nguo, mmoja mpika bia, na mmoja tu aliyewahi kutapika baharini. Picha ilikuwa nyuma yao ukuta mzima. Sikuwahi kuiona kwa mwanga wa asubuhi vile. Moshi, milingoti inayokatika, watu wanaozama wameinua mikono. Katikati, Mbayuwayu yangu ya uongo yenye ndege wa dhahabu aliyechongwa nyuma yake, imependeza kuliko kitu chochote nilichowahi kukiweka kwenye turubai.

Gillis alipewa nafasi ya kujitetea. Hakugusa habari za baba. Alinyoosha kidole kwenye picha akasema watazame matanga ya Mbayuwayu, yamegeuzwa, meli ile imesimama. Meli iliyo vitani haigeuzi matanga yake ya mbele. Yule mzee aliyewahi kutapika baharini alisogeza kiti akaangalia, akatikisa kichwa polepole, akasema ni kweli, ni jambo la ajabu. Nikaona kosa langu linataka kumwokoa mtu.

Lieven akaomba ruhusa ya kujibu.

Alisema ndiyo, waheshimiwa, matanga yaligeuzwa, na yeye ndiye aliyeamuru. Alisema meli ya admirali ilikuwa imevunjika mlingoti, haiwezi kwenda, na kila aliyekuwa anakwenda alikuwa anaiacha. Yeye aliisimamisha Mbayuwayu kwa makusudi, akaigeuza ukuta, mizinga ya adui impige yeye kwanza. Sauti yake ilitetemeka mahali panapostahili.

Mpika bia alitoa leso. Watu waliokuwa wamesimama nyuma wakaanza kupiga miguu sakafuni kwa kumsifu. Nami nilimtazama mwanamume niliyetaka kuolewa naye akimvua mwenzake hata kile kipande kidogo cha kweli, akakivaa.

Mwenyekiti wa baraza, Bwana Van der Heule, mtu mrefu mwenye kikohozi, akamwita baba mbele. Nikasogea naye, kiwiko mkononi. Mwenyekiti akasema wanafahamu kwamba mguu wa Mzee Adriaen ni mbovu, binti anaweza kubaki amemshika.

"Adriaen Cornelisz," akasema. "Unaiona picha hii?"

"Naijua picha hii," akasema baba.

"Je, meli zilizomo zipo mahali ulipoziona siku ile, kwa macho yako?"

Nikafungua kinywa. Naapa kwa roho ya mama yangu, nilikifungua. Nilikuwa na maneno tayari, ni mimi, ni mimi niliyeisogeza. Baba akaubana mkono wangu ubavuni mwake kwa kiwiko kile kile, kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo. Ilikuwa ishara yetu, ila safari hii ilitoka kwake. Simama.

Nikanyamaza. Andika hilo, msomaji, wala usinitafutie udhuru. Hata angenibana vipi, ulimi ulikuwa wangu.

Baba aliinua mkono wa kulia, vidole viwili juu kama desturi yetu ilivyo.

"Zipo mahali nilipoziona," akasema. "Mungu Mwenyezi anisaidie."

Sauti yake haikutikisika. Mtu asiyejua kusema uongo hata kwenye karata aliusema mbele ya Mungu na baraza, safi kama sala. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni likiingia kwenye ukosi.

Nikamtazama Gillis. Uso wake haukuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyerudi kwake akakuta mlango umebadilishwa kufuli. Tannetje, aliyekuwa nyuma yake kati ya wanawake wenye vitambaa vyeusi vya ujane, alifunika uso kwa mikono yake miwili. Wale wajane walikuwa wengi. Sikuwahesabu, idadi yao nilikuwa ninaijua.

Mwenyekiti alishauriana na wenzake kwa minong'ono ambayo haikuchukua hata muda wa kukohoa mara mbili. Akaichukua kalamu. Halafu, kwa kuwa sheria inadai, akauliza kama Nahodha Bouwens ana neno la mwisho.

Gillis alisimama. Aliwatazama wale wanawake waliovaa vyeusi, mmoja mmoja, hakuruka mtu.

"Ninalo moja, waheshimiwa," akasema. "Si kwenu, ni kwa rafiki yangu."

Akatembea mpaka akawa hatua tatu mbele yetu. Nilisikia pumzi yake. Lieven, upande wa pili wa ukumbi, alikuwa ameinuka nusu kwenye kiti.

"Nisamehe, Adriaen," akasema Gillis taratibu. Akauinua mkono wake juu, mbele ya uso wa baba, mahali ambapo ukumbi mzima ungeuona. "Hebu niambie, hapa nimenyoosha vidole vingapi?"

Mwenyekiti aliishika kalamu hewani, akamtazama Gillis, akamtazama baba, na nikaona fikra inaanza kumjia usoni.

Vilikuwa vitatu.

Mkono wangu ulikuwa kwenye kiwiko cha baba. Kubonyeza mara tatu tu, na hakuna ambaye angejua, si leo wala milele. Gillis angepelekwa kwenye sitaha yake. Nisipobonyeza, sote tumekwisha.

Gillis hakuwa anamtazama baba. Alikuwa ananitazama mimi.

Baba aliinamisha kichwa kidogo kuelekea upande wangu, akangoja mkono wangu useme.